Katriji za Michezo ya Mkononi: Kumbukumbu Ipi Huhifadhi na Ipi Husahau?

Mwaka 1979 kampuni ya Milton Bradley ya Marekani ilitoa Microvision, mashine ya kwanza ya michezo ya mkononi ambayo mchezo wake uliweza kubadilishwa kwa kuchomoa katriji moja na kuchomeka nyingine. Miaka kumi baadaye, tarehe 21 Aprili 1989, kampuni ya Nintendo ya Japani ilianza kuuza Game Boy, na tangu hapo mamilioni ya vijana duniani wakazoea kubeba katriji mfukoni. Katriji ni kijisanduku cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye ubao mdogo wa saketi na chipu chache za silikoni. Wako wanaokiita kaseti, ingawa ndani yake hamna utepe wowote.

Baada ya miaka kadhaa, wengi kati ya vijana hao walipatwa na jambo lililowashangaza. Mtu aliyecheza mchezo mrefu kwa miezi mingi, akahifadhi kila hatua aliyoifikia, aliwasha mashine yake siku moja akakuta mchezo wenyewe ungali mzima, picha na muziki vipo kama kawaida, lakini kazi yake yote imetoweka. Katriji ilikumbuka kila kitu kilichotiwa kiwandani, ikasahau kila kitu kilichotiwa na mwenyewe. Katriji nyingine, yenye sura ileile na iliyotunzwa vilevile, haikupoteza chochote.

Tofauti hiyo haikuwa ya bahati. Ilitokana na aina ya kumbukumbu ambayo wahandisi waliichagua, na kila aina ina nguvu zake na udhaifu wake. Makala haya yanalinganisha aina hizo na kueleza jinsi zinavyofanya kazi. Ulinganisho wenyewe una manufaa yanayovuka mipaka ya michezo, kwa kuwa aina mojawapo, iitwayo flashi, ndiyo inayohifadhi leo picha za simu, maandalio ya masomo ya walimu, na matokeo ya mitihani katika shule nyingi.

KAZI MBILI ZA KATRIJI

Katriji hufanya kazi mbili zilizo tofauti kabisa. Kazi ya kwanza ni kuhifadhi programu ya mchezo, yaani maagizo yote ambayo prosesa ya mashine huyasoma, pamoja na picha na sauti. Programu husomwa mara nyingi sana, lakini haihitaji kubadilishwa. Kazi ya pili ni kuhifadhi maendeleo ya mchezaji: amefika wapi, amepata nini, amebakiwa na nini. Maelezo haya ni machache, lakini hubadilika kila mara, na hapana budi yabaki salama mashine inapozimwa.

Kumbukumbu inayofaa kwa kazi ya kwanza si lazima ifae kwa kazi ya pili. Kwa sababu hiyo, katriji moja mara nyingi huwa na chipu mbili za kumbukumbu, kila moja ya aina yake.

ROMU: MAANDISHI YA KIWANDANI

Programu za michezo ya Game Boy ziliwekwa katika romu, kumbukumbu inayosomwa tu wala haiandikwi. Romu ya aina hiyo huandikwa wakati chipu inapotengenezwa. Mchoro wa data hupigwa juu ya silikoni kwa mwanga unaopita katika kiolezo, kama vile mchoro wa kanga unavyopigwa juu ya kitambaa. Mahali penye kiungo cha umeme husomeka tarakimu moja, na mahali pasipo kiungo husomeka nyingine. Data imekuwa sehemu ya umbo la chipu yenyewe.

Faida ya romu ni uimara wake. Haihitaji umeme ili kukumbuka, na hakuna chaji inayoweza kuvuja. Tena, kiolezo kikishatengenezwa, kila nakala inayofuata hugharimu kidogo. Hasara yake ni kwamba kiolezo chenyewe ni ghali, na kosa likigunduliwa baada ya chipu kutoka kiwandani halisahihishiki. Romu humfaa anayetengeneza katriji laki moja za mchezo mmoja, wala haimfai mwanafunzi anayetaka kujaribu programu aliyoiandika jana.

Wahandisi wa Game Boy walikabiliwa pia na tatizo la anwani. Prosesa yake iliweza kufikia anwani 65,536 tu, na kati ya hizo programu ya katriji ilitengewa kilobaiti 32. Mchezo wa Tetris ulienea katika nafasi hiyo. Michezo mikubwa zaidi ilihitaji chipu ya ziada ya kubadilisha kurasa, ambayo huleta mbele ya prosesa ukurasa mmoja wa kilobaiti 16 kwa wakati, kama msomaji wa kitabu anavyofunua ukurasa autakao bila kuubeba mkutubi na maktaba yake yote.

RAMU NA BETRI: MLINZI ASIYELALA

Kwa ajili ya maendeleo ya mchezaji, katriji nyingi za miaka ya 1990 zilitumia ramu tuli. Katika ramu hiyo kila biti hushikiliwa na transista nne hadi sita zilizounganishwa hivi kwamba upande mmoja ukiwa na umeme upande wa pili hukosa, na hali hiyo hujishikilia yenyewe. Kuandika ni kazi ya chini ya milioni moja ya sekunde, na ramu haichakai kwa kuandikwa hata mara bilioni. Lakini inadai kitu kimoja bila msamaha: umeme usikatike.

Ndiyo maana katriji za michezo ya Pokémon, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, zilikuwa na betri ndogo ya lithiamu iliyolehemiwa juu ya ubao. Mashine ikiwashwa, ramu hutumia umeme wa mashine. Ikizimwa, betri huchukua zamu ya ulinzi.

Je, betri hiyo inaweza kulinda kwa muda gani? Mwanafunzi anaweza kukadiria kwa hesabu nyepesi. Betri aina ya CR2025, ambayo jina lake humaanisha kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 2.5, ina uwezo wa takriban miliampia-saa 160. Ramu ikichukua mkondo wa mikroampia 1, betri itadumu saa 160,000, yaani miaka 18 hivi. Mkondo ukiwa mikroampia 4, muda unashuka hadi saa 40,000, yaani miaka minne na nusu. Tofauti ndogo ya mkondo, ambayo mtu hawezi kuihisi, huwa tofauti ya miaka mingi.

Jambo hilo lilionekana wazi katika matoleo ya Pokémon ya mwaka 1999, yaliyoitwa Gold na Silver. Katriji zake zilikuwa na saa ya kweli, iliyojua usiku na mchana na siku za juma hata mashine ikiwa imezimwa. Saa hiyo iliendeshwa na fuwele ya kwatsi inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, yaani 2 kwa kipeo cha 15, ili kwa kugawanya kwa 2 mara 15 ipatikane sekunde moja kamili. Betri moja ikabebeshwa mizigo miwili, saa na ramu, nayo ikaelekea kuisha mapema kuliko betri za katriji za 1996. Ilipokwisha, saa ilisimama na kumbukumbu ikafutika.

Kubadilisha betri nako kuna mtego wake. Anayeiondoa betri iliyolehemiwa bila kuipa ramu umeme kutoka mahali pengine huifuta kumbukumbu ileile aliyotaka kuiokoa.

FLASHI: CHAJI ILIYOFUNGIWA

Wanasayansi walitafuta kwa muda mrefu kumbukumbu inayoandikika kama ramu na kudumu bila umeme kama romu. Mwaka 1967 Dawon Kahng na Simon Sze wa maabara za Bell nchini Marekani walieleza transista yenye lango la ziada lisilounganishwa na waya wowote, lililozungukwa pande zote na kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Elektroni zikishaingizwa katika lango hilo hazina pa kutokea. Mwaka 1971 Dov Frohman wa kampuni ya Intel alitumia wazo la lango lililofungiwa kutengeneza chipu iliyoandikwa kwa umeme na kufutwa kwa mwali wa urujuanimno uliopita katika kidirisha cha kwatsi.

Hatua kubwa iliyofuata ilipigwa Japani. Mwaka 1984 Fujio Masuoka na wenzake wa kampuni ya Toshiba walitangaza chipu ambayo seli zake nyingi hufutwa pamoja kwa umeme, mara moja. Kufutwa huko kwa ghafla kulifananishwa na mmweko wa kamera, na chipu ikapata jina la flashi.

Kazi yake yaweza kuelezwa hivi. Kati ya njia ya mkondo na lango lililofungiwa kuna tabaka la oksidi ya silikoni lenye unene wa nanometa 8 hadi 10 hivi. Unywele wa binadamu ni mnene zaidi ya hapo kwa maelfu ya mara. Volti za kawaida haziwezi kuvusha elektroni katika tabaka hilo. Lakini volti zikipandishwa hadi kumi au ishirini, elektroni hupenya. Kupenya huku hakuelezeki kwa fizikia ya kale, ambayo ingesema ukuta ni ukuta. Huelezwa na fizikia ya kwantamu, na hesabu zake zilitolewa na Fowler na Nordheim tangu mwaka 1928. Volti zikiondolewa, elektroni hubaki zimenaswa, na uwepo wao hubadilisha jinsi transista inavyopitisha mkondo. Prosesa husoma badiliko hilo kuwa sifuri au moja.

Hata hivyo, flashi ina tabia moja ambayo ramu haina. Seli iliyofutwa husomeka moja, na kuandika ni kugeuza moja kuwa sifuri. Kugeuza sifuri moja tu kuwa moja tena hakuwezekani: ni lazima kufuta bloku nzima, yenye maelfu ya baiti, kisha kuiandika upya. Mwalimu anaweza kulifananisha jambo hili na ubao wa darasani ambao mtu huongeza chaki popote apendapo, lakini hana budi kuufuta wote ili asahihishe herufi moja.

NOR NA NAND: MASANDUKU YA POSTA NA MABEHEWA

Flashi zenyewe ni za namna mbili kuu, NOR na NAND, zilizopewa majina ya milango ya mantiki ambayo mpangilio wa seli zake hufanana nayo. Namna ya pili ilitangazwa na Masuoka na wenzake mwaka 1987.

NOR ni kama masanduku ya posta. Kila sanduku lina mlango wake na ufunguo wake, na mwenye barua huliendea moja kwa moja bila kugusa mengine. Seli yoyote husomwa kwa nanosekunde 70 hadi 100 hivi. Gharama yake ni nafasi: milango mingi huhitaji waya nyingi, na waya nyingi huifanya chipu kuwa kubwa na ghali.

NAND ni kama mabehewa ya treni. Seli zimeungana kwa mfululizo, na kumfikia abiria wa behewa la kati lazima kupita katika mengine. Kwa hiyo NAND haisomwi baiti moja moja, bali ukurasa mzima wa baiti 512 au zaidi, na kuuandaa ukurasa huo kwaweza kuchukua mikrosekunde 25. Lakini kwa kuwa waya ni chache, seli nyingi hubanwa mahali padogo, na bei ya kila megabaiti hushuka sana. Kadi ndogo za microSD, flashi za kompyuta na kumbukumbu za simu zote ni NAND.

Hakuna iliyo bora kwa kila kazi, na mashine mbili za Nintendo zinathibitisha hivyo.

MASHINE MBILI, MAHITAJI MAWILI

Game Boy Advance ya mwaka 2001 ilikuwa na prosesa inayopiga hatua milioni 16.78 kwa sekunde, na iliweza kuona moja kwa moja hadi megabaiti 32 za katriji. Prosesa hiyo ilisoma maagizo ya programu kutoka katika katriji yenyewe, agizo baada ya agizo. Hatua moja ya prosesa ilichukua nanosekunde 60 hivi. Katriji ya NOR ya nanosekunde 90 huweza kuijibu kwa kusubiriwa hatua chache tu. Lakini katriji ya NAND, yenye kuchelewa mikrosekunde 25, ingeilazimisha prosesa kusubiri hatua zaidi ya 400 kila iombapo neno kutoka ukurasa mpya. Mchezo ungekwama kabla haujaanza.

Kwa hiyo watengenezaji wa katriji za kuandikika za mashine hiyo walifuata njia mbili. Njia ya kwanza ni kutumia NOR. Mchezo huanza papo hapo na hauna pa kukwamia, lakini uandishi ni wa polepole. Bloku ya kilobaiti 64 ikihitaji nusu sekunde kufutwa, katriji ya megabaiti 32, yenye bloku 512, itahitaji zaidi ya dakika nne za kufuta tu, kabla baiti ya kwanza haijaandikwa. Njia ya pili ni kuweka NAND, aghalabu kadi ya microSD, pamoja na ramu kubwa. Programu hunakiliwa kutoka kadi hadi ramu mwanzoni, kisha prosesa husoma ramu. Nafasi huwa tele na bei nafuu, lakini mchezaji husubiri mwanzoni, na chipu za ziada hunyonya betri ya mashine.

Nintendo DS ya mwaka 2004 ilibadilisha mambo. Yenyewe ilikuwa na ramu ya megabaiti 4 ndani ya mashine, na kadi yake ya mchezo haikusomwa agizo kwa agizo. Data ilisomwa kwa mafungu na kupakiwa katika ramu, na prosesa ikafanya kazi humo. Kwa mashine inayosoma mafungu, tabia ya NAND ya kutoa kurasa nzima si kikwazo kikubwa. Kadi za kuandikika za DS zikawa basi vifaa vyepesi: kidhibiti kidogo na tundu la microSD.

Hapo ndipo ulinganisho ulipohamia mambo mengine. Kadi za mwanzo zilikubali microSD za hadi gigabaiti 2 tu, kwa kuwa hazikufahamu kanuni mpya ya kadi kubwa. Zilizofuata zilikubali hadi gigabaiti 32. Kadi ya microSD isiyo na kasi ilisababisha sauti na picha kukatakata katika michezo inayosoma data wakati wa kucheza. Kidhibiti kibovu kilimaliza betri haraka. Anayelinganisha vifaa vya namna hii asiishie kwenye ukubwa wa nafasi uliochapwa juu ya kasha. Aulize pia kasi ya kusoma, kasi ya kuandika na matumizi ya umeme.

Inafaa kukumbuka kwamba Nintendo yenyewe iliwahi kuuza katriji ya flashi. Kuanzia mwaka 2000, nchini Japani, mteja aliweza kununua katriji tupu ya Game Boy yenye flashi ya megabaiti 1, akaipeleka katika duka la Lawson, na mashine ya dukani ikamwandikia mchezo alioulipia. Akiuchoka, alirudi akaandikiwa mwingine. Maendeleo yake yaliendelea kukaa katika chipu ya ramu. Huduma hiyo ilikoma kabisa mwaka 2007.

Kwa upande mwingine, urahisi wa kuandika ulileta wizi wa kazi za watu. Kadi za DS zilitumiwa sana kunakili michezo isiyolipiwa, na mahakama za Japani mwaka 2009 na za Uingereza mwaka 2010 ziliamua dhidi ya uuzaji wa kadi za namna hiyo. Kuandika programu ya mtu mwenyewe na kuijaribu katika mashine ni mazoezi mazuri kwa kijana anayejifunza. Kunakili jasho la mwingine bila idhini ni jambo jingine.

JE, FLASHI HAISAHAU?

Mwaka 2002 yalitoka matoleo ya Pokémon ya Game Boy Advance, Ruby na Sapphire. Safari hii wahandisi waligawanya mizigo. Maendeleo ya mchezaji yaliwekwa katika flashi ya kilobaiti 128, na betri, aina ya CR1616, ikaachiwa saa peke yake. Betri ilipokwisha baada ya miaka, mchezo ulitoa taarifa kwamba betri imekauka, matukio yanayotegemea saa yakasimama, hata matunda yaliyopandwa yakaacha kukua; lakini kazi ya mchezaji ilibaki salama. Huo ndio ufumbuzi wa fumbo la katriji mbili zilizotajwa mwanzoni.

Hata hivyo, haifai kuhitimisha kwamba flashi haisahau kamwe. Ina maadui wawili.

Adui wa kwanza ni uchakavu. Kila mara elektroni zinapopenya tabaka la oksidi huliumiza kidogo, na baada ya kufutwa na kuandikwa mara nyingi kihami huanza kuvuja. Flashi yenye biti moja kwa kila seli huvumilia mara 100,000 hivi. Mchezaji anayehifadhi mara 20 kwa siku katika bloku ileile angeifikisha idadi hiyo baada ya siku 5,000, zaidi ya miaka 13. Lakini ili kupunguza gharama, chipu za kisasa hubana biti mbili, tatu au nne katika seli moja, ambayo sharti itofautishe viwango 4, 8 au 16 vya chaji. Uvumilivu wake hushuka hadi maelfu machache, na pengine chini ya hapo.

Adui wa pili ni wakati. Hata flashi isiyoguswa hupoteza elektroni moja moja. Watengenezaji wa chipu za biti moja kwa seli hutaja kwa kawaida miaka 10 hadi 20 ya kuhifadhi. Joto huharakisha uvujaji huo, na seli iliyochakaa huvuja upesi kuliko mpya.

Wahandisi wa Ruby na Sapphire walilijua hilo. Mchezo wao haukuandika juu ya nakala ya mwisho. Uligawa flashi sehemu mbili na kuandika kwa zamu, leo huku na kesho kule, kila sehemu ikiwa na namba za kukagua usahihi wake. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, au sehemu moja ikiharibika, mchezo ulirudi kwenye nakala ya kabla yake. Hawakuiamini chipu, waliamini nakala mbili.

ULINGANISHO KWA UFUPI

Romu ya kiwandani: husomwa haraka; haiandikwi; haihitaji umeme; hudumu muda mrefu kuliko zote; hufaa kwa nakala nyingi za kazi moja.

Ramu tuli yenye betri: husomwa na kuandikwa haraka sana, haichakai kwa kuandikwa, hufutika betri ikiisha au ikiondolewa.

Flashi ya NOR: husomwa haraka popote, hufutwa polepole na kwa bloku, haihitaji betri, ni ghali kwa megabaiti, hufaa kwa prosesa inayosoma maagizo moja kwa moja.

Flashi ya NAND: husomwa kwa kurasa, nafasi kubwa kwa bei ndogo, haihitaji betri, huhitaji kidhibiti cha kusahihisha makosa, huchakaa upesi biti zikibanwa nyingi katika seli moja.

SOMO KWA SHULE

Katika shule nyingi leo, alama za wanafunzi za miaka kadhaa, mitihani ya majaribio na taarifa za ada hukaa katika flashi moja, iliyo katika mfuko wa mwalimu mmoja au ndani ya droo ya ofisi. Flashi hiyo ni NAND, na kwa kawaida ni ya bei nafuu, yenye biti nyingi katika kila seli. Ikiachwa juu ya dashibodi ya gari lililo juani, au katika kabati la bati kwa miaka mingi bila kuchomekwa, haina ulinzi wowote dhidi ya maadui wawili waliotajwa. Tena haitoi ishara. Betri ya tochi hufifia kabla ya kuzimika; flashi yaweza kusomeka vizuri leo na kukataa kesho.

Kinga yake si ghali. Kumbukumbu muhimu ziwe na nakala mbili au tatu katika vifaa tofauti, vilivyowekwa mahali tofauti, na matokeo ya mwisho yachapwe katika karatasi. Kila mwaka nakala zifunguliwe zikaguliwe, na baada ya miaka michache zihamishiwe katika kifaa kipya. Kifaa kisichomolewe wakati kinaandika. Kihifadhiwe pakavu, mbali na joto.

Wanafunzi wa fizikia wanaweza kuanza na swali la betri: wakokotoe ni mkondo gani ungeiwezesha CR2025 kulinda kumbukumbu kwa miaka 10 kamili, kisha waeleze kwa nini betri halisi haitafikia hesabu hiyo. Wanafunzi wa hisabati wakokotoe ni muda gani seli inayovumilia kufutwa mara 1,000 itadumu ikifutwa mara mbili kwa siku, na jinsi muda huo unavyoongezeka kazi ileile ikigawanywa kwa zamu kati ya bloku 50. Majibu yatawaonyesha kwamba umri wa kumbukumbu hutegemea chipu, na hutegemea vilevile busara ya anayeitumia.